Bibi alisema hana aleji, kumbe dawa ilishamkataa zamani. Hapa Tanga historia ya mgonjwa inaulizwaje?

Sista wa Kyela

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi, nina mwaka na miezi minne kazini. Nilisomea Mbeya, kazi nimepangiwa Tanga mjini, kituo sitakitaja. Sijaja kufarijiwa, nimekuja kurekebishwa, hivyo msinionee huruma.

Wiki mbili zilizopita nilimpokea bibi wa miaka sabini na kitu (nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane). Mkojo unamchoma, kiuno kinauma, ana homa kidogo. Nikachukua historia kama tulivyofundishwa chuoni: shida iliyomleta, ilianza lini, magonjwa ya zamani, upasuaji, dawa anazotumia, aleji, familia, maisha yake kwa ujumla. Nilipofika kwenye aleji nikamuuliza, "Bibi, una mzio wa dawa yoyote?" Akanitazama kidogo, akasema, "Hapana mwanangu, sina." Nikaandika hakuna. Daktari akasoma hakuna, akaandika Septrin.

Siku ya tatu binti yake akamrudisha. Vipele vyekundu mwili mzima, midomo imeanza kuchubuka kwa ndani, macho mekundu. Dawa ikasimamishwa palepale, akalazwa, na namshukuru Mungu haikufika ngozi kubambuka. Sasa yuko nyumbani, anaendelea vizuri. Lakini binti alipomuuliza mbele yangu kama kitu hicho kilishawahi kumtokea, bibi hakufikiri hata sekunde: "Si kama ile ya vidonge vitatu vya malaria, alipozaliwa mjukuu wangu wa kwanza? Nilitoka malengelenge mdomo mzima."

Vidonge vitatu vya kumeza kwa mpigo ni SP, iliyokuwa dawa ya chaguo la kwanza kwa malaria nchini kuanzia 2001 hadi dawa mseto ilipoanza kuchukua nafasi yake mwishoni mwa 2006. SP ina salfa, na Septrin ina salfa. Bibi alikuwa na jibu miaka yote hiyo, mimi ndiye niliyekosa swali.

Matroni hakunigombeza sana. Alichukua mafaili yangu kumi ya wiki ile akayapanga mezani. Yote kumi, kwenye aleji nimeandika hakuna, dawa za nyumbani hakuna, magonjwa ya familia hakuna. Akaniuliza, "Hawa wote kumi hawana kitu, au wewe ndiye hukupata kitu?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Naomba mnisaidie. Wazee wa huku wanaulizwaje mpaka waseme? Na kuandika: mafaili tunayajaza kwa Kiingereza, mgonjwa anaongea Kiswahili cha Tanga ambacho mimi mtu wa Kyela wakati mwingine kinanipita. Na foleni ndiyo hiyo, watu wamejaa mpaka nje. Naomba kuwasilisha.

Kahawa Chungu

Pole dada. Mimi nina miaka 44, nimezaliwa Ngamiani barabara ya 8, na neno "mzio" nimelijua leo kwenye uzi wako. Ningeulizwa mimi ningesema sina vilevile, nikidhani ni deni. Ngoja wataalamu waje, nipo hapa pembeni na kashata.

Mkunga Mstaafu

Shikamoo hukutoa, lakini humu hatuonani, nimekusamehe. Pole mwanangu. Nimefanya uuguzi na ukunga miaka 34, mingi ikiwa Tanga mjini, Pangani na Muheza.

Mwenzio hapo juu anatania lakini amesema kweli. Mzio ni neno la darasani. Aleji wanalijua vijana, na wengi wao wanadhani ni mafua ya vumbi tu. Mtu wa pwani dawa *inamkataa*. Muulize hivi: "Bibi, kuna dawa yoyote imewahi kukukataa?" Kisha nyamaza. Usimrukie na swali la pili. Mzee anarudi nyuma miaka arobaini kulitafuta jibu, mpe muda wa kwenda na kurudi.

Akisema ipo, hapo ndipo kazi inaanza. Dawa gani? Hajui jina, sawa: ilikuwa ya ugonjwa gani, ya kumeza au ya sindano, vidonge vingapi kwa mara moja? Ilikukataa vipi, baada ya siku ngapi? Ulilazwa? Umeshaitumia tena tangu hapo? Yote hayo yaandike. Usiandike "aleji ya klorokwini" ukaishia hapo. Klorokwini enzi zake iliwawasha watu wengi sana, tulikuwa tunajikuna mpaka kwa gunzi la muhindi, na mwasho ule si aleji hasa. Kwinini inavumisha masikio, nayo si aleji, ndivyo ilivyo dawa yenyewe. Lakini aliyevimba uso, aliyebanwa pumzi, aliyetoka malengelenge mdomoni kama bibi yako, huyo anaandikwa kwa wino mwekundu juu ya jalada. Ukiacha neno aleji peke yake, anayelisoma saa nane za usiku hajui kama mtu alijikuna au alitaka kufa.

Halafu salamu. Nyie wa bara mnasalimia kama mnagonga mhuri. Hapa ukimuuliza mgonjwa hali, atakujibu "njema, alhamdulillahi" huku ameshikwa mabega na watu wawili. Hajakudanganya. Amemshukuru Mungu wake, swali lako bado hajaligusa. Nimewahi kuona kwa macho yangu faili limeandikwa kwamba mgonjwa anasema anajisikia vizuri, na mgonjwa mwenyewe kaletwa kwa bodaboda, kafungwa kanga na dereva asidondoke! Maliza salamu zote, muulize watoto na wajukuu, vuta kiti macho yenu yalingane, ndipo useme, "Haya bibi, kilichokutoa nyumbani leo ni nini?" Hapo atakuambia.

Tabibu wa Zamu

Namuunga mkono Bi Mkunga kwenye "kukataa". Mimi niongeze kwa upande wetu tunaosoma mlichoandika, maana na mimi hilo la hakuna linanitesa.

Hakuna na sikuuliza ni vitu viwili. Kama hukuuliza, andika hukuuliza, au andika mgonjwa hakuweza kujibu. Nikikuta nafasi tupu najua nina kazi ya kufanya. Nikikuta hakuna, naandika dawa. Huo ndio mtego ulioingia wewe na daktari wako pamoja.

Lingine ni saa. Sijui kwa nini chuoni halisemwi. Mgonjwa akikuambia imeanza saa nne usiku, fomu inataka mfumo wa saa 24, hiyo ni 22:00. Nimeletewa mzee aliyepooza upande mmoja, mdomo umekwenda kombo, na karatasi imeandikwa 04:00. Muuguzi alisikia nne akaandika nne. Ndugu walimaanisha saa nne usiku. Saa sita nzima zimepotea kwenye kalamu, na kwa kiharusi au kuumwa na nyoka muda ndio unaotuambia tufanye nini. Andika 22:00, na pembeni andika "saa nne usiku" kama alivyosema.

"Juzi" nayo usiiamini. Juzi ya mgonjwa inaweza kuwa wiki tatu. Mpe kitu cha kushikilia: kabla ya Ramadhani au baada? Kabla ya msiba wa jirani? Ijumaa iliyopita uliweza kwenda msikitini?

Kuhusu maumivu, ile ya kumwambia ataje namba kutoka sifuri hadi kumi, kwa kijana sawa. Mzee wa Mabawa atakujibu "mengi". Mimi nauliza: yanakuamsha usingizini? Unaswali umesimama au umekaa? Tangu lini unaswali umekaa? Unalalia mito mingapi, na zamani ulikuwa unalalia mingapi? Swali la mito peke yake limenionyesha moyo ulioshindwa kazi zaidi ya mara moja kabla sijagusa kipimo.

Ila Bi Mkunga, hilo la wajukuu wote na majina yao, kwa foleni ya siku hizi, mnh.

Mkunga Mstaafu

Dokta, salamu ni dakika moja. Kumrudisha mgonjwa wodini kwa dawa iliyomkataa ni siku sita. Wewe piga hesabu.

Kahawa Chungu

Kwa nini msimuulize maswali wakati mnampima presha? Mkono upo kwenye mashine, mdomo uko huru. Mnaokoa muda.

Mkunga Mstaafu

Ndiyo maana wewe ni wa kashata. Mtu anayeongea presha yake inapanda. Anakaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini haijapishanishwa, ndipo unapima. Ukimpima huku unamuuliza habari za marehemu mume wake, utaandika presha ya huzuni.

Mama wa Makorora

Mimi si mtaalamu, mimi ni mgonjwa wa sukari wa miaka tisa. Naomba na sisi tusikilizwe.

Mnashangaa hatusemi. Mwaka jana nimekwenda mahali, sitaji, dirishani nimesimama, nyuma yangu watu kumi na tano, mbele yangu binti wa umri wa mwanangu wa tatu ananiuliza kwa sauti: "Mama, umeshapima UKIMWI? Una wapenzi wangapi?" Nyuma yangu amesimama mke wa shemeji yangu! Nilijibu nini? Nilijibu hapana kwa kila kitu mpaka nikatoka. Angeniuliza kama nina mkono wa kushoto ningesema hapana.

Na karatasi mnaijaza hamtutazami. Unaongea na utosi wa mtu.

Mtunza Faili

Mama wa Makorora ana haki, na si haki ya adabu tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Kumuuliza mtu mambo yake mbele ya foleni, au kupiga picha faili ukalirusha kwenye kundi la WhatsApp la wodi "tumuombee mgonjwa", ni jambo la kisheria sasa. Kama hamna chumba, pazia lipo. Kama pazia hamna, inama, shusha sauti.

Mimi niko kwenye kumbukumbu, naona mambo ambayo nyie wa wodini hamyaoni. Kabla ya historia yoyote, hakikisha historia ni ya nani. Huku Tanga siku moja naweza kuwa na akina Fatuma Juma watatu, wawili wanatoka Duga. Chukua majina matatu, mtaa, namba ya simu na jina la mtu wa kumpigia. Soma na kadi ya bima, maana mtu kadi inasema hivi na nyumbani anaitwa vingine kabisa. Ukimwita jina la kadi hageuki. Nimeshakuta kipimo cha mtu kwenye faili la mwenzake, kisa walikaa benchi moja na majina yanafanana.

Umri nao. Wazee wengi tarehe ya kuzaliwa waliandikiwa walipokwenda kujiandikisha, ndiyo maana nusu ya mafaili yangu ya wazee yana Januari Mosi au Julai Mosi. Usilazimishe. Muulize mwaka wa Uhuru, 1961, alikuwa wa kimo gani. Bibi mmoja alinijibu, "Uhuru umekuja sijavunja ungo, Muungano umekuja nimeshaposwa." Tayari nina umri wake, na nimepata na historia nyingine bila kuuliza. Wa baadaye kidogo waulize vita vya Kagera, 1978. Ukishakadiria, andika kwamba ni makadirio.

Wodi ya Wazazi

Nimechelewa kuuona uzi huu, nilikuwa zamu ya usiku. Nije kwenye eneo langu, maana huko ndiko historia inakoua mtu kwa haraka.

Usimuulize mjamzito "una watoto wangapi?" Atakutajia walio hai, au wanaoishi naye. Dada mmoja alisema wawili. Kadi ya kliniki kaisahau nyumbani. Tukamuandika mimba ya tatu, uzazi wa kawaida. Nilipomwinua kanga nimpime tumbo nikakuta kovu la upasuaji. Kumbe hii ni mimba ya tano: wawili wako hai, mmoja alitolewa kwa upasuaji akiwa ameshafariki, na moja ilitoka ya miezi mitatu. Sasa mtu mwenye kovu kwenye mfuko wa uzazi si wa kuachwa na uchungu pekee yake bila kutazamwa, kovu linaweza kuachia. Hakudanganya. Tulimuuliza watoto, akatutajia watoto.

Uliza: umeshika mimba mara ngapi tangu uvunje ungo, na hii ni ya ngapi? Zote zilifika? Kuna iliyotoka, kuna mtoto aliyezaliwa hapumui, kuna pacha? Alizaliwa wapi kila mmoja na kwa njia gani? Ulitoka damu nyingi? Uliongezewa damu? Unakwenda mimba moja moja, hurukiruki.

Na kamwe usiulize hayo mkwe amekaa kando. Kuna mimba ambazo mkwe hazijui. Mimi nasema, "Mama, tunaomba kidogo, tunakwenda kupima mkojo na mwenzio." Huko kwenye korido ya choo nimeambiwa mambo ambayo hata kwenye faili nilifikiri mara mbili namna ya kuyaandika.

Tarehe ya mwisho ya kuona siku zake: kama hakumbuki, msaidie kwa sikukuu. Ilikuwa kabla ya Idi? Siku ngapi kabla? Ulifunga zote au ulikula siku ngapi? Swali la siku alizokula Ramadhani ni zuri kweli, maana deni la funga mwanamke halisahau. Wengine watakutajia Mfungo Sita, usishtuke, ndio mwezi wa Maulidi, fungua kalenda. Ukiipata tarehe, ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu, unapata siku ya matarajio.

Sista wa Kyela

Wakuu, nawashukuru sana. Bi Mkunga, shikamoo, imechelewa lakini ipokee.

Jana nilijaribu "kukataa". Wagonjwa wanane tu. Watatu walikuwa na dawa zilizowakataa! Mmoja ni ile ya klorokwini ya kuwasha, mmoja alivimba macho kwa sindano ya penisilini, mmoja anasema Panadol inamkataa, nilipomuuliza inamkataaje akasema "haiponyi". Huyo nimemuandika alivyosema, nikamwacha hivyo.

Ila bado nina shida ya lugha. Mama mmoja alisema ana "chango". Nikaandika maumivu ya tumbo. Mzee akasema "mshipa umeshuka", nikamuuliza mshipa wa wapi, wenzangu wakacheka. Mwingine alisema mtoto ana "degedege" lakini hataki tumchome sindano kwanza.

Mkunga Mstaafu

Marahaba. Waache wacheke, na wao walichekwa.

Mshipa kwa mwanaume wa huku mara nyingi ni ngiri au busha, na anaona haya. Busha na matende ni magonjwa ya pwani hii yetu, yanaletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na mtu anaweza kulificha ndani ya kanzu miaka kumi akija kwako kwa kikohozi. Mpe muuguzi mwanaume amuulize kama yupo. Chango ni neno pana: la mwanamke laweza kuwa maumivu ya hedhi, laweza kuwa sababu anayoamini inamzuia kupata mimba, la mtoto mchanga ni tumbo kumsokota. Kwa hiyo usiligeuze. Ukishaandika kwa Kiingereza kwamba ni maumivu ya tumbo umeshamchagulia ugonjwa.

Hii ndiyo nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu mpaka wakanichoka: mstari wa kwanza ni wa mgonjwa, kwa maneno yake, kwa Kiswahili chake, ndani ya alama za kunukuu. "Nina chango, linanipanda mpaka kifuani, mwezi wa pili huu." Mstari wa pili ndio wako: ulivyomuuliza zaidi, umegundua ni wapi, linaanza lini, linaambatana na nini. Huo andika kwa lugha ya kazini. Daktari asiyejua chango atauliza, na akiuliza ndiyo vizuri.

Degedege: wazee wengi wanaamini mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Wamewahi kuona, maana mtoto aliyefika akiwa mahututi wa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, akifa baada ya sindano, sindano ndiyo inayobaki kwenye kumbukumbu. Usimkebehi. Na hapo usianze na historia ndefu kabisa. Mtoto anayetetemeka analazwa ubavu, njia ya hewa inafunguliwa, sukari inapimwa. Mwenzio ndiye anamuuliza mama: imeanza saa ngapi, ni mara ya ngapi, amepewa nini nyumbani, amekula saa ngapi. Mengine baadaye.

Tabibu wa Zamu

Hilo la "amepewa nini nyumbani" ulizeni bila kukunja uso. Mkimuuliza mtu "umetumia mitishamba?" kwa ile sauti yenu ya kumkamata mwizi, atakataa. Mimi nasema, "Kabla hujaja hapa mlijaribu nini nyumbani? Wengine wanachemsha muarobaini, wengine wanakunywa kombe, wengine wanapita duka la dawa. Nyie je?" Anacheka, anasema. Na muarobaini wa nyumbani hanisumbui kama zile poda za kupunguza maumivu zisizo na jina, ambazo mtu anazimeza mwezi mzima kisha anakuja na tumbo linatoka damu.

Waambieni waje na mfuko wa dawa. Dawa zote, za kumeza, za kupaka, za jirani. Uliza pia anazitumia vipi. Mgonjwa akisema anatumia dawa ya presha, usiandike anatumia ukaridhika. Uliza jana alimeza? Wengi humeza siku presha "ikipanda", akijisikia vizuri anaiweka.

Mjukuu wa Mkata Mkonge

Niongezee swali la kazi, jamani. Babu yangu alikohoa miaka. Alipimwa kifua kikuu mara tatu, majibu hana. Kila mahali akiulizwa kazi anasema mkulima, wanaandika mkulima. Na kweli alikuwa analima mihogo yake uzeeni. Siku moja binti wa mafunzo, mwanafunzi tu, akamuuliza: "Babu, na kabla ya kulima?" Babu akafunguka: miaka ishirini na mbili kiwanda cha mkonge, chumba cha kupiga brashi singa, vumbi jeupe mpaka kope. Ndipo wakaanza kuangalia mapafu kwa jicho lingine. Kupona hakupona, lakini walau waliacha kumbadilishia antibayotiki kila mwezi.

Mkoa mzima huu umejaa wazee wa mkonge. Uliza kazi ya zamani.

Mtunza Faili

Sista, kabla sijasahau, upande wa maandishi. Tarehe, saa, jina lako, cheo, sahihi, kila unapoandika. Ukikosea, piga mstari mmoja neno lionekane, tia sahihi yako, andika neno lililo sawa pembeni, korekta hapana. Andika nani amekupa historia: mwenyewe, binti yake, jirani aliyemleta. Na usiandike hukumu. Nimesoma faili limeandikwa "mlevi mkorofi". Alikuwa mgonjwa wa sukari iliyoshuka. Andika ulichoona: anayumba, anaongea haeleweki, anatoa jasho.

Mama wa Makorora

Na mkimaliza mtusomee mlichoandika. Siku moja nesi alinisomea, nikamwambia hapana, mguu uliooza ulikuwa wa dada yangu, si wangu. Alikuwa ameshaniandika mimi.

Sista wa Kyela

Mama, hilo la kumsomea nimelianza leo. Linachukua muda mfupi kuliko nilivyodhani, na kila mtu anarekebisha kitu.

Jioni nimepita kwa yule bibi, na binti yake alikuwepo. Nikamwomba radhi. Akaniambia, "Kumbe ndiyo hiyo mliyokuwa mkiniuliza? Mngesema." Nimemwandikia karatasi: asipewe dawa zenye salfa, zikiwemo Septrin na SP, na chini nimeeleza kilichomtokea na mwezi wake. Ameikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Mkunga Mstaafu

Umefanya vizuri. Kesho mpelekee ya pili, umpe binti. Ya kwenye kanga itafuliwa.